Bendera Nyeusi za Quebracho Solo

Nicandro Luna hakusoma. Hata jina la kituo alichokilinda, lililoandikwa ubaoni kwa herufi nyeupe, alilijua kwa umbo lake tu, kama mtu anavyomjua ng'ombe wake kwa pembe. Lakini nyekundu aliijua, na kijani aliijua, na kwa miaka thelathini na minane hizo mbili zilimtosha.

Kituo chenyewe kilikuwa Quebracho Solo, ndani ya pori kavu la Santiago del Estero. Kilijengwa kwa sababu ya miti. Waingereza walileta bati, matofali na saa ya ukutani. Kampuni ya magogo ikaleta watu. Miti ile migumu ya quebracho, ambayo shoka huirudia na kuirudia kabla haijakubali, ikaangushwa, ikachongwa mataruma, ikalazwa chini ya reli nchi nzima. Nicandro alifika hapo na miaka ishirini na miwili, akiwabebea maji wakata miti. Stesheni masta wa siku hizo, Don Aurelio Funes, alimwona anavyotembea na ndoo mbili bila kumwaga tone. Akamwita.

"Unajua kusoma?"

"Sijui, bwana."

"Afadhali. Anayesoma hubishana. Kusoma ni kazi yangu. Yako wewe ni kutokukosea."

Akamfundisha pointi, taa, kengele na bendera. Pointi ni kile chuma cha kupindua njia, treni ikate kulia au kushoto. Ukikosea pointi umeua watu. Nicandro hakukosea.

Delmira Coria alikuwa mtu wa Tala Yacu, kilomita ishirini na saba kwa njia hiyo hiyo ya reli. Alikuwa akija na mama yake kuuza mikate ya mafuta kwa abiria. Siku moja treni ya kurudi ilichelewa kwa muda wa saa sita. Wakakaa wote watatu kwenye kivuli cha tangi la maji, wakipokezana kibuyu cha yerba, chai chungu ya huko, na mama mtu akasinzia. Hayo yaliyosemwa mama akiwa amesinzia Nicandro hakumwambia mtu maisha yake yote. Mwaka uliofuata walioana.

Waliishi katika vyumba viwili vya nyuma ya ofisi. Delmira alifua nguo za nyumba kila Jumatatu, na bendera za kituo alizifua pamoja nazo, kwa sababu moshi na vumbi havichagui. Alizishona zilipochanika. Nicandro alipouliza kwa nini ajichoshe na mali ya reli, alijibu: "Dereva akiona bendera chafu atasema stesheni hii haina mwanamke."

Walizaa mtoto mmoja, Anselmo. Aliishi miezi minane. Homa ilimchukua mwezi wa Machi, kisima kilipoingia chumvi na treni ya maji ilikuwa haijafika. Makaburi ya Quebracho Solo yalikuwa ya wakata miti tu, watu waliozikwa bila jina na bila wa kuwalilia, na Delmira akasema mwanawe hatalala na wageni. Don Aurelio akavaa kofia yake. Akatoka nje akaisimamisha treni ya haraka, ile ambayo haikusimama hata kwa mkuu wa wilaya. Sanduku dogo likasafiri katika behewa la barua hadi Tala Yacu. Nicandro alikwenda, akazika, akarudi kwa treni ya usiku, maana pointi zilikuwa zinamngoja.

Tangu hapo, kila Novemba, siku ya marehemu wote, Delmira alipanda treni kwenda kumwashia mwanawe mishumaa. Alikwenda peke yake. Nicandro alibaki kazini.

Miti iliisha. Kampuni ikang'oa mashine zake, ikaondoka, na watu wakaifuata kama inzi wanavyofuata nyama. Moshi wa injini nao ukaisha, ikaja dizeli, ambayo hainywi maji, na tangi likakauka. Don Aurelio alikufa. Waliomfuata walikaa mwaka mwaka, kisha hakuja mwingine. Mafundi walikuja wakaukunja waya wa telegramu kama mwanamke anavyokunja uzi, wakaenda nao. Inspekta akamsomea Nicandro amri mpya, mara mbili, polepole. Kuanzia sasa kuna treni moja ya mchanganyiko, mizigo na behewa moja la abiria, Jumanne na Ijumaa. Ya Ijumaa ina behewa la maji. Haisimami mpaka iitwe.

"Wakiona bendera nyekundu, wanasimama," alisema inspekta. "Wasipoiona, wanapita. Umeelewa, Luna?"

"Nimeelewa."

"Rudia."

Akarudia. Hakusahau hata neno.

Kaya tisa zilibaki Quebracho Solo. Maji yao, barua zao, dawa zao, unga wao, vyote vilitegemea mzee mmoja na kitambaa chekundu. Naye hakuwahi kuchelewa. Watu walirekebisha saa zao kwa Nicandro, si Nicandro kwa saa.

Delmira alifariki Jumatatu ya Januari, katikati ya joto kali kuliko yote. Alikuwa amefua, ameanika. Aliingia ndani, akasema miguu yake inahisi baridi. Nicandro akacheka, akasema, baridi na jua hili? Akaenda kuinjika birika. Maji yalipochemka, mkewe alikuwa ameegemea ukuta, macho wazi, hayuko.

Alikaa naye kidogo. Kisha akatoka akaigonga kengele ya kituo, pigo moja moja, na watu wakaja.

Wa kwanza kufika alikuwa Wenceslao, jirani yake, aliyekuwa baba wa ubatizo wa Anselmo zamani. Mtu mwenye maneno mengi na meno machache.

"Wence," Nicandro alisema. "Kesho ni Jumanne."

"Kesho Jumanne, ndiyo."

"Atalala na mtoto. Tala Yacu."

Wenceslao alitazama nje. Njia ya gari la farasi ilikuwa imekatika tangu wiki iliyopita. Mto ulikuwa umejaa kwa mvua za kaskazini, na kivukoni maji yalimfika farasi shingoni. Daraja la reli tu ndilo lililokuwa juu ya maji. Na Ijumaa ilikuwa mbali. Katika joto lile maiti haingoji Ijumaa.

"Kwa treni ya kesho," alisema Wenceslao.

"Ndiyo. Hakuna nyingine."

Wenceslao akaenda kwake akavunja meza yake ya kulia chakula, akatengeneza jeneza.

Wanawake waliingia wakaishika nyumba. Mkubwa wao alikuwa Doña Petronila, mke wa Wenceslao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mbuzi. Katika kijiji kile, msiba ukiingia nyumbani, rangi hutoka. Si wafiwa wanaofanya hivyo, ni majirani. Hukusanya kila kitambaa chenye rangi, nguo, mashuka, mapazia, wakavitia katika sufuria la chuma na dawa nyeusi, vikachemka mpaka visitambuane. Kuacha kitambaa chekundu katika nyumba yenye maiti ni kumwambia marehemu, tulikuwa tunangoja uondoke tucheze ngoma.

Jioni ile sufuria lilichemka nyuma ya ofisi ya tiketi. Wenceslao alimaliza jeneza akapewa mti wa kukorogea.

"Koroga vizuri," Petronila alimfokea. "Wewe unakoroga kama mgonjwa anayekunywa uji."

"Nimevunja meza, nimekunywa vumbi la mbao, sasa nakoroga suruali za watu. Mimi nikifa nizikeni na nguo za mistari."

"Ukifa wewe hatutii rangi. Tutapaka chokaa."

Watu walicheka kidogo, kama inavyocheka nyumba ya msiba, kicheko kinachotazama mlangoni kabla ya kutoka. Nicandro alikuwa ndani, kwenye kiti, karibu na mkewe. Aliwasikia. Hakukasirika. Delmira angecheka.

Asubuhi alinyoa ndevu. Alivaa shati jeusi, bado lina unyevu, na kofia ya reli, ambayo ilikuwa nyeusi tangu zamani. Jeneza lilikuwa tayari jukwaani, juu ya viti viwili. Delmira alikuwa amefunikwa kwa shuka jeupe, shuka lake la harusi, kitu pekee ambacho sufuria halikukigusa. Saa ya Waingereza ilionyesha saa nne na nusu. Treni ilikuwa ya saa tano.

Alikwenda kwenye mfuko wa ngozi unaoning'inia nyuma ya mlango. Ulikuwa mtupu. Hapo akakumbuka kwamba jana ilikuwa Jumatatu. Akatoka nje kwenye kamba ya nguo. Kamba ilikuwa tupu.

"Doña Petronila."

"Naam, Don Nicandro."

"Vitu vilivyokuwa kambani viko wapi?"

"Tumevianua vyote, usijali. Mashati yako, foronya, aproni zake, vile vitambaa viwili..." Petronila akasita. "Kimoja kilikuwa chekundu na..."

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Walivikuta juu ya ua wa miiba, vimekauka, vyeusi kama masizi, vimekunjwa vizuri. Huwezi kujua kipi kilikuwa kipi. Nicandro alivishika, kimoja kila mkono. Alivigeuza upande wa pili, kana kwamba upande wa pili ungekuwa na huruma.

"Mungu wangu, nife mimi!" Petronila alilia. "Nife mimi! Nilidhani ni vitambaa vya jikoni!"

"Mwanamke, umeivalisha reli msiba!" alisema Wenceslao.

"Na wewe je? Si ndiye uliyekoroga?"

"Nilikoroga nilichopewa!"

"Miaka arobaini unaiona bendera hiyo, ukaiona majini usiijue?"

"Ndani ya sufuria hata mama yako nisingemjua!"

"Nyamazeni," Nicandro alisema. Hakupaza sauti. Wakanyamaza. "Nani ana kitu chekundu?"

Walitazamana. Wote walikuwa wamevaa nyeusi, kuanzia shingo hadi kifundo. Waliokuwa na nguo za rangi walikuwa wameziacha nyumbani, na nyumba ya karibu ilikuwa mwendo wa nusu saa. Msichana mmoja akatoka mbio hata hivyo, na kila mtu aliyemtazama akikimbia alijua hatawahi.

Wenceslao alimshika Nicandro bega akamvuta pembeni.

"Nina mwanambuzi hapa, nilimleta kwa chakula cha waombolezaji. Nikimchinja sasa hivi, damu ipo. Tupate shuka jeupe tu. Tunalichovya. Litaonekana toka kilomita nzima."

"Shuka jeupe liko wapi?"

Macho ya Wenceslao yalikwenda kwenye jeneza, yakarudi haraka.

Shuka lilikuwa moja.

Nicandro alisimama akalitazama. Mtu asimlaumu kwa kufikiri. Alifikiri. Aliona mkono wake ukilivuta, akaona uso wa Delmira juani mbele za watu, inzi, na shuka la harusi yake limelowa damu ya mbuzi. Na upande mwingine akaona treni imesimama.

"Simvui," alisema.

"Ndugu yangu, yeye mwenyewe angesema..."

"Simvui, Wence."

Reli zilianza kuimba. Mtu aliyeishi nazo husikia kabla ya wengine, uzi mwembamba wa sauti unaopita ndani ya chuma. Nicandro aliingia ofisini akachukua taa ya usiku yenye kioo chekundu, akaiwasha, ingawa alijua kwamba taa mbele ya jua la Januari ni kama mnong'ono sokoni. Akamkabidhi Wenceslao. Yeye akashuka katikati ya njia.

Don Aurelio alikuwa amemfundisha jambo moja zaidi. Huna bendera, huna taa, hatari iko mbele. Simama njiani, nyosha mikono yote miwili juu ya kichwa, usiishushe. Kila dereva katika nchi hii anajua maana yake. Hakuwa amewahi kulitumia. Sasa alipanua miguu juu ya mataruma, akainua mikono.

Petronila akamwona. Akainua yake. Wengine wakafuata mmoja mmoja, wanaume na wanawake, safu nzima jukwaani, nguo nyeusi tupu, mikono juu. Na kwa kuwa Petronila hakuwa na njia nyingine ya kusaidia, akaanza kusali kwa sauti, na wote wakamwitikia.

Dizeli ilitokea kwenye kona ya mti wa mwisho. Ilikuja kasi. Dereva alikuwa kijana mgeni katika njia ile. Aliona kituo bila bendera. Aliona jeneza. Aliona watu wa pori, wenye nguo za msiba, wameinua mikono mbinguni wanasali. Akapiga honi ndefu, ya heshima, akainamisha kichwa.

Nicandro hakutoka njiani. Alikuwa anaona namba za injini, alizozijua kwa umbo. Alikuwa bado hajashusha mikono Wenceslao alipomrukia kiunoni, wakaanguka wote wawili kwenye kokoto, na upepo wa mabehewa ukawapita usoni. Behewa la abiria lilipita. Kwenye behewa la mwisho gadi alikuwa amesimama nje. Alivua kofia, akaishika kifuani, mpaka treni ilipopotea.

Ilikuwa imemheshimu Delmira, ikapita.

Petronila alikuwa amekaa chini jukwaani, amejifunika uso kwa aproni nyeusi. Nicandro aliinuka, akajikung'uta magoti. Alimwendea. Watu wakadhani atamwambia neno baya, na labda hata yeye alidhani hivyo.

"Doña Petronila. Umezitia rangi vizuri. Hazina doa."

Petronila akalia upya.

Kisha Nicandro akavua mkufu wa funguo shingoni, akaenda kwenye banda la zana. Ndani kulikuwa na toroli ya wafanyakazi wa njia, ubao juu ya magurudumu manne ya chuma, imefungwa kwa mnyororo tangu kundi la mwisho la mafundi liondoke. Sheria yake alikuwa anaijua kama rozari. Toroli haiwekwi njiani bila kibali cha maandishi, na kibali hutolewa na stesheni masta, na stesheni masta hayupo. Mfanyakazi atakayevunja hilo ataondolewa kazini siku hiyo hiyo. Mwenyewe aliwahi kuwanyima mafundi wawili waliotaka kwenda nayo harusini.

Alifungua kufuli.

"Nicandro," Wenceslao alisema. "Ukikutana na treni njiani?"

"Hakuna. Iliyopita ndiyo iliyokuwepo, nayo hairudi mpaka usiku. Nyuma yake njia ni tupu mpaka Ijumaa."

"Una hakika?"

Nicandro alimtazama tu. Wenceslao akaona haya.

Walipaka magurudumu mafuta ya mbuzi, wakaiweka relini, wakalilaza jeneza, wakalifunga kwa kamba ile ya nguo. Watu wanane walikwenda. Walisukuma wanne wanne kwa zamu, wakitembea juu ya mataruma. Mataruma hayakupangwa kwa hatua ya binadamu. Hatua moja fupi mno, mbili ndefu mno. Nicandro hakuingia zamu. Alishika ubao upande wa kichwa cha mkewe, akasukuma tangu mwanzo mpaka mwisho.

Pori pande zote mbili, jivu na miiba. Jua juu. Baada ya kilomita tano mtu aliacha kusali, mwingine akaanza kusimulia. Ndivyo mazishi ya huko yalivyo.

"Mnakumbuka alivyomfukuza yule inspekta jukwaani kwa fagio?" alisema Petronila. Alikuwa amekataa kubaki, mnene hivyo hivyo, miguu imevimba.

"Alikanyaga pale palipofagiliwa."

"Akamwambia, bwana, reli ni yako, vumbi ni langu!"

Wakacheka. Nicandro naye, pumzi ikikatika. Kilikuwa kicheko cha kweli, na kilipokwisha kiliacha shimo.

Darajani maji ya mto yalikuwa ya rangi ya matope, yanabeba miti mizima. Walivuka polepole, wakitazama maji kati ya taruma na taruma. Baada ya daraja Wenceslao alitaka wapumzike.

"Pumzikeni," Nicandro alisema, akaendelea kusukuma peke yake. Wakamfuata. Nani angekaa?

Walifika Tala Yacu jua limeshuka usawa wa miti. Kituo hicho kilikuwa bado na stesheni masta, Quiroga, mtu mkavu, mwenye miwani, asiyejulikana kwa upole. Alisimama mwisho wa jukwaa, mikono nyuma, akiangalia toroli inakuja.

"Toroli hiyo imetoka wapi?"

"Quebracho Solo," alisema Nicandro.

"Kibali?"

"Sina."

"Luna, wewe? Mimi nimewaambia vijana wote wa njia hii, igeni Luna." Quiroga alivua miwani. "Na treni je? Imepita kwako. Gadi amenisimulia hapa hapa. Kasema Quebracho Solo kuna ibada kubwa, watu wote mikono juu. Nikashangaa, hao hata padri hawana."

"Nilikuwa naisimamisha."

"Kwa nini hukutoa bendera?"

Petronila alijitokeza mbele kusema, ni mimi. Nicandro akamwekea mkono.

"Bendera zilikuwa zangu kuzilinda," alisema. "Sikuzilinda."

Quiroga aliangalia jeneza, akaangalia viatu vya Nicandro, ambavyo cha kushoto kilikuwa kimefunguka mbele na kidole kinatoka damu.

"Ni nani?"

"Mke wangu."

Stesheni masta alivaa tena miwani yake.

"Lazima niandike, Luna. Unajua."

"Andika, bwana. Mimi sisomi."

"Nitaandika kesho," alisema Quiroga. "Leo nimefunga." Na akaenda kumwita mchimba kaburi mwenyewe, kwa miguu yake, mbele ya mji mzima.

Makaburi yalikuwa nyuma ya kanisa dogo, ukuta mmoja umeanguka. Wakubwa walilala katikati. Watoto walilala pembeni, kando ya ua, vilima vidogo vidogo, labda thelathini, labda zaidi. Misalaba mingine ilikuwa imeoza. Mingine ilikuwa na maandishi.

Mchimba kaburi aliegemea sepetu. "Wapi, mzee?"

Nicandro alisimama. Alitazama safu ile kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudi mwanzo.

"Ni yupi, Don Nicandro?" aliuliza Petronila kwa upole.

"Sijui."

Alikuwa amekuja mara moja tu, miaka thelathini na moja iliyopita, na siku hiyo vilima vilikuwa vinne. Baba wa Delmira alikufa, mama akafa, kaka zake wakaenda mjini kutafuta kazi. Aliyejua alikuwa mmoja, naye alikuwa ndani ya sanduku la mbao za meza. Nicandro alikuwa amemsukuma siku nzima ili alale na mwanawe, na hakujua mwanawe yuko wapi. Kati ya mambo yote ya siku ile hilo ndilo lililomkalisha chini. Alikaa kwenye udongo, kofia mkononi, na hakujali tena nani anamwona.

Kwenye lango la makaburi aliishi bibi kizee, Doña Sinforosa, aliyeuza mishumaa na kufukuza mbuzi. Alikuja na fimbo yake kuona kelele hizi za saa hii ni za nani.

"Mmemleta nani?"

"Delmira Coria," alisema Wenceslao.

"Akina Coria wameisha. Simjui."

"Wa Quebracho Solo. Aliyekuwa anakuja Novemba."

Kizee alikaza macho. "Mama wa treni?" Akasogea karibu. "Yule mwembamba, wa kujibu watu? Amekufa?"

"Jana."

"Ee Bwana." Alifanya ishara ya msalaba. Kisha akamtazama aliyekaa chini, kofia, vidole vya miguu, mikono. "Na huyu ni yule wa bendera."

Nicandro aliinua kichwa.

"Nilimuuliza kila mwaka," alisema Doña Sinforosa. "Nikamwambia, wewe, mume huna? Mbona mtoto anawashiwa na mzazi mmoja? Akaniambia, mume ninaye, na angekuja. Lakini akija huku, nani atanisimamishia treni ya kurudi? Mimi nikasema, basi mbaki huku wote wawili. Akanicheka. Akasema, hujui watu wanakunywa maji ya nani kule."

Alimshika Nicandro mkono, mkono mkavu kama gome, akamwinua. Akampeleka kando ya ua, akipita vilima bila kutazama, mpaka kwenye kimoja kilichokuwa kimeshindiliwa na kufagiwa, kisicho na msalaba.

"Huyu hapa. Msalaba ulioza, akasema hana haja nao, njia anaijua."

Nicandro alipiga magoti. Aliweka kiganja juu ya udongo. Ulikuwa bado na moto wa mchana. Alikaa hivyo, na wengine walisimama mbali, na Wenceslao mwenye maneno mengi alitazama ua wa miiba kana kwamba hajawahi kuona ua.

"Akija alikuwa anakaa wapi?" aliuliza baadaye.

"Hapo ulipo. Upande huo huo. Kutwa nzima, mpaka treni ipige honi."

Nicandro akainuka. Akapima kwa hatua zake, moja, mbili, tatu, upande ule ambao Delmira alikuwa akikaa. Akachora mstari kwa kisigino cha kiatu chake kilichopasuka. Mchimba kaburi alikuja na sepetu, Nicandro akaipokea, akaanza kuchimba.